PCR hasi, ELISA chanya: majibu haya ya homa ya nguruwe ya Afrika yanasomwaje, na chanjo inaingia wapi?

Mlinzi wa Zizi

Wakuu, naomba macho yenu kwenye majibu haya kabla ripoti haijaandikwa.

Banda lina vyumba 8 na lilikuwa na nguruwe 80. Watano wamekufa ndani ya siku 9, wote kutoka chumba cha 3 na cha 4. Dalili ni homa, kukataa chakula, masikio na tumbo kuwa mekundu kisha rangi ya zambarau, na mmoja alitokwa damu puani. Mizoga ilifukiwa bila kupasuliwa. Damu ilichukuliwa kwa nguruwe 6 walio hai, wawili wawili kutoka vyumba vitatu. Namba 1, 2 na 6 damu yao iliwekwa kwenye mirija ya kifuniko cha zambarau. Namba 3, 4 na 5 iliwekwa kwenye ya kijani kwa sababu ya zambarau iliisha. Seramu ilichukuliwa kwa wote.

Majibu ni haya (PCR hutafuta DNA ya virusi, ELISA hutafuta kingamwili dhidi ya virusi hivyo; Ct ni mzunguko wa PCR ambao virusi vinaanza kuonekana, ikiwa juu virusi ni vichache). Namba 1: PCR chanya dhaifu, Ct 36.4, ELISA ya kingamwili chanya. Namba 2: PCR hasi, ELISA chanya. Namba 3 hadi 6 hasi kote. Kipimo cha haraka cha antijeni, kile cha mistari miwili, hakikuona chochote kwa nguruwe yeyote.

Kuna jambo jingine. Namba 1 na 2 ni miongoni mwa nguruwe 12 walionunuliwa baada tu ya kuachishwa kunyonya, na muuzaji alisema "walichanjwa homa ya nguruwe". Hakuna kadi, hakuna jina la chanjo.

Je, hii ni homa ya nguruwe ya Afrika au siyo? Kosa liko wapi? Na mwenye banda anataka kuchanja waliobaki kesho kutwa, nimjibu nini?

---

Jokofu80

Mkuu, majibu yako hayapingani. Ni majibu sahihi kwa swali ambalo hukukusudia kuuliza. Kila kipimo cha ugonjwa huu kinaona siku zake tu, kwa hiyo anza na kalenda.

Virusi vikiingia mwilini, PCR ya damu huanza kuviona kati ya siku ya 2 na ya 5, aghalabu sambamba na homa au kabla yake kidogo. Kingamwili huanza kuonekana kuanzia siku ya 7 hivi, kwa wengine mpaka ya 14. Aina kali ya virusi humuua nguruwe kati ya siku ya 6 na ya 13. Linganisha hizo tarehe: nguruwe anayekufa kwa aina kali mara nyingi hufa kabla kingamwili hazijafikia kiwango cha kuonwa na ELISA. Ndiyo maana ELISA hasi kwenye banda lenye vifo vya ghafla haina uzito wowote, na anayeitegemea kusema "hakuna ugonjwa" anaruhusu nguruwe wahamishwe wakiwa na virusi.

Sasa angalia namba 1. Katika PCR, kila mizunguko 3.3 hivi ni tofauti ya mara kumi ya kiasi cha DNA. Nguruwe mwenye homa kali ya ugonjwa huu huwa na Ct ya chini ya 25, wakati mwingine 16 au 18. Ukilinganisha Ct 18 na 36.4, damu ya namba 1 ina virusi pungufu zaidi ya mara laki moja. Huyo siye anayeua wenzake chumba cha 3. Ct 36 inaweza kutokana na mambo manne: ameanza kuambukizwa jana au juzi, alipona na DNA ya virusi bado inazunguka kidogo, amebeba virusi vya chanjo, au sampuli ilichafuliwa na sampuli kali iliyokuwa jirani yake maabara. Kwa kuwa ana kingamwili, uwezekano wa la kwanza ni mdogo. La nne huondolewa kwa kuchukua damu upya na kutoa DNA upya. Kurudia PCR kwa DNA ileile hakusaidii, kwa sababu kama uchafu uliingia wakati wa kutoa DNA utauona tena vilevile.

Namba 2 ana kingamwili bila virusi. Hapo pia usikimbilie "alipona". Seramu iliyopasuka chembe nyekundu, ile yenye rangi ya soda ya zabibu, huleta chanya za uongo kwenye ELISA. ELISA chanya huthibitishwa kwa kipimo cha pili, kile cha imunoperoksidezi ambacho seli zilizoambukizwa hupakwa seramu na rangi ikatokea, au imunobloti. Halafu kuna jambo ambalo wengi husahau: kitoto kilichonyonya dang'a ya mama mwenye kingamwili hubeba kingamwili hizo bila kuambukizwa kamwe. Hawa wako ni wachanga, kwa hiyo inawezekana. Wachukulie damu tena baada ya wiki 2 au 3 na uombe maabara ipime seramu ya kwanza na ya pili pamoja kwenye sahani moja. Kingamwili za mama zitakuwa zimeshuka. Za kwake mwenyewe zitapanda au kubaki palepale.

Kuhusu mirija ya kijani: ndani kuna heparini, na heparini huzuia kimeng'enya cha PCR. Majibu "hasi" ya namba 3, 4 na 5 yaweke pembeni mpaka uulize maabara swali moja: je, kidhibiti cha ndani, kile kinachoonyesha kwamba PCR yenyewe ilifanya kazi, kilisoma? Kama hakikusoma, hayo si majibu hasi. Ni majibu yaliyoshindikana, ila mtu aliandika hasi.

Kuhusu kipimo cha haraka, kinaona virusi vikiwa vingi tu. Kwa nguruwe mwenye homa ya 41 anayekaribia kufa kinafaa. Kwa nguruwe aliyesimama na kula ni kupoteza kifaa. Na pale kingamwili zinapokuwepo huungana na antijeni, mstari haujitokezi hata kama virusi vipo.

---

Kisu Butu

Jokofu80 kamaliza upande wa maabara. Mimi nasema tatizo lilianzia bandani: waliochukuliwa damu ni wale waliokamatika kirahisi.

Piga hesabu. Tuseme nguruwe 8 kati ya 80 wana virusi kwenye damu. Ukichagua 6 bila mpango, uwezekano wa kuwakosa wote wanane ni zaidi ya nusu, kama asilimia 52. Ili uwe na uhakika wa asilimia 95 wa kumpata angalau mmoja unahitaji takriban 24. Lakini huhitaji 24 kama una kipimajoto. Pima joto la kila nguruwe, anza na vyumba visivyo na vifo na umalizie na cha 3 na cha 4, kisha chukua damu kwa wenye 40.5 kwenda juu. Nguruwe watano wenye homa ni bora kuliko thelathini walio wazima. Usisahau kwamba nguruwe anapokaribia kufa joto hushuka chini ya kawaida, kwa hiyo aliyelala hawezi kuinuka naye mchukulie hata kama ana 37.

Mirija ya zambarau, mililita 4 mpaka 5, jaza mpaka mstari. Ukijaza nusu, dawa ya kuzuia damu kuganda inakuwa nyingi kupita kiasi kwa damu hiyo. Geuza taratibu mara 8 hadi 10. Ukitikisa kama chupa ya dawa ya kikohozi unapasua chembe. Ya seramu iache isimame igande kwanza kwenye joto la kawaida, ndipo uitenge. Usiitie kwenye barafu ikiwa mbichi. Sindano moja nguruwe mmoja, bila mjadala. Sindano inayorudiwa inaambukiza chumba kizima kwa dakika kumi, na mwenye banda atasema daktari ndiye aliyeuleta ugonjwa, na atakuwa sahihi.

Mizoga iliyofukiwa ndiyo iliyokuwa na jibu. Atakayekufa leo usimfukie kwanza. Usimpasue juu ya udongo pia. Tandika plastiki nzito pembeni ya shimo lake, fanya kazi hapo, kisha sukuma kila kitu shimoni. Angalia bandama kwanza. Ya kawaida ni nyembamba kama ulimi, kingo kali. Kwa ugonjwa huu inakuwa kubwa mara kadhaa, nyeusi, kingo za mviringo, na ukiibonyeza inapasuka kama ini la kuku lililooza. Salmonela nayo huvimbisha bandama, ila inabaki ngumu kama mpira. Kisha matezi ya karibu na tumbo na ini, na yale ya figo: yakiwa kama mabonge ya damu, wasiwasi unaongezeka sana. Figo zikivuliwa ngozi utaona madoa madogo ya damu.

Kata bandama, tezi, figo, pafu na mafindofindo, kila kimoja kama gramu 5 na kwenye chombo chake. Usiweke kwenye formalini, maana formalini inaharibu kazi ya PCR na inaua virusi ambavyo maabara ingependa kuvikuza. Mzoga ukiwa umeoza, vunja mfupa mrefu au wa kifua uchukue uboho. DNA hudumu humo wakati viungo vingine vimegeuka uji.

Chombo ndani ya chombo: bomba, kisha mfuko au kopo lisilovuja lenye karatasi za kunyonya za kutosha kunywa kila tone, kisha boksi gumu lenye vibarafu. Nyuzi joto 2 hadi 8, damu isigeuke barafu, ifike ndani ya saa 48. Kama mnyororo baridi hauwezekani kabisa, dondosha damu kwenye karatasi ya kuchujia, ikauke kivulini kabisa kabla ya kuifunga. DNA na kingamwili zote hutoka kwenye karatasi hiyo. Virusi hai hutavipata, lakini jibu utalipata.

Na usifunge akili kwenye ugonjwa mmoja. Homa ya nguruwe ya klasiki haitofautishwi na hii kwa macho. Wala virusi vyenyewe si ndugu: vya klasiki ni vya RNA, vya Afrika ni vya DNA. Omba PCR ya zote mbili kwenye sampuli ileile. Erisipela huleta mabaka mekundu ya pembe nne yaliyoinuka, na kwa penisilini nguruwe hupata nafuu ndani ya siku moja au mbili. Sumu ya panya ya aina inayozuia damu kuganda nayo hutoa damu puani, lakini haina homa.

---

Mlinzi wa Zizi

Shukrani wakuu. Nimeuliza maabara: kidhibiti cha ndani hakikusoma kwa namba 3 na 5, kilisoma kwa namba 4. Kwa hiyo hasi halali ni tatu tu. Joto litapimwa kwa wote leo.

Suala la chanjo bado. Mwenye banda anasema kama ni ugonjwa huu basi chanjo ya mapema itaokoa vyumba 6 vilivyobaki.

---

Makrofaji

Haitaokoa, na inaweza kuharibu zaidi. Nieleze kwa nini, kwa sababu "subiri" peke yake haimridhishi mtu anayeona nguruwe wakifa.

Chanjo zenye uwezo wa kweli dhidi ya ugonjwa huu hadi sasa ni za virusi hai vilivyodhoofishwa. Zilizotengenezwa kwa virusi vilivyouawa zilijaribiwa kwa miongo mingi na hazikukinga, hata zikiongezewa viamsha kinga vikali. Sababu ni tabia ya virusi vyenyewe. Vina zaidi ya jeni 150, vinaishi ndani ya makrofaji, yaani seli zilezile zinazopaswa kuvila, na kingamwili peke yake hazitoshi kuvizuia. Seli za kinga zinazoua seli zilizoambukizwa lazima zishiriki. Seli hizo haziamshwi vizuri na virusi vilivyokufa.

Virusi hai navyo vina historia mbaya. Miaka ya 1960 Ureno na Hispania zilichanja kwa virusi vilivyodhoofishwa kwa kupitishwa mara nyingi kwenye seli za maabara. Nguruwe wengi walibaki na ugonjwa sugu: vichomi, viungo kuvimba, vidonda vya ngozi, mimba kutoka, na wengine wakawa wabebaji. Tangu hapo watafiti wamebadilisha mbinu. Badala ya kudhoofisha kwa kubahatisha, wanafuta jeni wanayoijua. Wamarekani walichukua aina iliyotoka Georgia ya Caucasus mwaka 2007 wakafuta jeni iitwayo I177L. Matokeo yalichapishwa 2020. Chanjo nyingine imefutwa jeni sita za familia ya MGF, zile zinazozuia seli kupiga kengele ya interferoni, yaani ishara ya mwili ya kujikinga na virusi. Vietnam iliziruhusu zote mbili kwa matumizi ya nchi nzima Julai 2023, kwa nguruwe wa kunenepesha. Kabla ya hapo, 2022, uchanjaji ulisimamishwa kwa muda baada ya vifo kwenye makundi yaliyochanjwa, na kilichojitokeza hapo ni matumizi nje ya masharti ya lebo, wakiwemo majike wa kuzalisha. Mei 2025 Shirika la Afya ya Wanyama Duniani, WOAH, lilipitisha kiwango cha kwanza cha kimataifa cha chanjo za ugonjwa huu: usalama, uwezo wa kukinga, na ushahidi kwamba virusi havirudii ukali vikipita kutoka nguruwe mmoja hadi mwingine.

Sasa turudi bandani. Kinga ya chanjo hizi huhesabiwa kwa wiki, siyo siku. Majaribio mengi humwekea nguruwe virusi vikali siku ya 28 baada ya chanjo. Banda lako lina vifo kila siku mbili. Kati ya nguruwe wanaoonekana wazima leo, baadhi wameshaambukizwa. Ukiwachoma chanjo hai juu ya virusi vikali, kwanza hutaongeza kinga kwa wakati. Pili, mtu anayeingia vyumba vyote 8 na bomba la sindano ni njia nzuri sana ya kusambaza ugonjwa. Tatu, virusi viwili ndani ya nguruwe mmoja vinaweza kubadilishana vipande vya DNA. Hilo si la kufikirika: China iliripoti mwaka 2023 virusi mchanganyiko wa jenotaipu (koo za virusi kwa jeni zao) I na II, vinavyoua, na nguruwe waliokingwa kwa chanjo hai ya jenotaipu II hawakukingika navyo. Nne, na hili ndilo litakalokuumiza wewe mwandika ripoti, baada ya kuchanja hutaweza tena kusoma ELISA. Nguruwe aliyechanjwa hutengeneza kingamwili dhidi ya p30, p54 na p72, protini hizohizo ambazo ELISA huzitafuta.

Kumtofautisha aliyechanjwa na aliyeambukizwa kunawezekana kwa PCR tu, na ni kwa mantiki rahisi: pima jeni ya p72, ambayo kila virusi vinayo, na jeni iliyofutwa kwenye chanjo. Zote mbili zikisoma, kuna virusi vya mtaani. p72 ikisoma na iliyofutwa isisome, huenda ni chanjo. Nasema "huenda" kwa makusudi. Ct ya p72 ikiwa 36, jeni ya pili inaweza kushindwa kusoma kwa sababu tu DNA ni kidogo mno. Chini ya Ct 30 hivi ndipo kutosoma kunapoanza kuwa na maana.

Halafu muulize yule muuzaji: alichanja homa ipi? Chanjo ya homa ya klasiki ni ya miaka mingi, ni ya kawaida sehemu nyingi, na watu huiita kwa kifupi "ya homa ya nguruwe". Haikingi ya Afrika hata kidogo, na haifanyi ELISA ya Afrika kuwa chanya. Kama ni hiyo, basi kingamwili za namba 1 na 2 zina chanzo kingine na muuzaji amekupa taarifa muhimu bila kujua.

Jenotaipu pia ina maana. Chanjo zilizopo zimetengenezwa kwa jenotaipu II. Mahali penye IX au X, kama Afrika Mashariki, usichukulie kwamba zitakinga.

---

Jokofu80

Naongeza kwa Makrofaji: siku banda likiwa safi na chanjo iliyosajiliwa na mamlaka ya nchi husika ikapatikana, chukua damu kabla ya dozi. Kikundi cha nguruwe kadhaa kwa kila chumba, PCR na ELISA. Bila msingi huo, chochote kitakachotokea wiki ya pili kitakuwa ubishi kati ya mfugaji, daktari na mtengenezaji. Chanjo ni ya unga mkavu, hukaa nyuzi 2 hadi 8, ikishachanganywa hutumika ndani ya muda ulioandikwa kwenye lebo, na iliyobaki hutupwa baada ya kuuawa kwa dawa. Mwenye homa hachanjwi. Mwenye mimba hachanjwi kama lebo haisemi. Na kosa dogo linaloua kazi nzima: bomba la sindano lililosuuzwa kwa spiriti au klorini. Mabaki yake yanaua virusi vya chanjo, nguruwe anachomwa maji. Chemsha bomba, liache lipoe.

---

Papasi

Mnaongea kana kwamba adui yuko ndani ya nguruwe tu. Kama banda ni la udongo au mawe yenye nyufa, na liko ndani ya eneo la papasi, wale kupe laini wanaojificha kwenye nyufa, tafuteni humo pia. Ugonjwa huu ulielezwa kwanza Kenya, taarifa ikachapishwa 1921, na chanzo chake kilikuwa ngiri na papasi wa mashimoni mwao. Ngiri haugui. Papasi humnyonya ngiri mchanga mwenye virusi, akakaa navyo kwa muda mrefu. Ureno virusi hai vilipatikana ndani ya papasi wa mabanda ya zamani zaidi ya miaka 5 baada ya ugonjwa. Agizo la Umoja wa Ulaya la 2002 lilizuia kurudisha nguruwe kwa angalau miaka 6 pale papasi wanapohusika, wakati banda lisilo na papasi lilisubiri siku 40 baada ya usafi.

Hupanda juu ya nguruwe kwa muda mfupi tu usiku, kwa hiyo kumkagua nguruwe mchana ni bure. Chimbua vumbi la kwenye nyufa, pepeta kwenye sahani nyeupe chini ya jua. Akihisi joto anaanza kutembea. Au weka barafu kavu kwenye chombo, hewa ya kabonidayoksaidi humvuta atoke mwenyewe.

---

Mlinzi wa Zizi

Matokeo mapya. Nguruwe 75 walipimwa joto: 9 wana 40.5 au zaidi, sita kati yao wako chumba cha 3 na cha 4, mmoja cha 5, wawili cha 7. PCR ya wote 9 ni chanya, Ct kati ya 17 na 23, ELISA hasi kwa wote. Aliyekufa jana: bandama nyeusi, kubwa, Ct 16. Homa ya klasiki hasi.

Namba 1 amechukuliwa upya: p72 Ct 35.8, jeni ya I177L haikusoma. Namba 2 hasi tena. Kipimo cha imunoperoksidezi ni chanya kwa wote wawili. Muuzaji hajui jina la chanjo, anakumbuka tu chupa yenye unga. Banda ni la zege, halina nyufa.

---

Jokofu80

Wale 9 ndio jibu lako: virusi vingi, kingamwili hakuna. Hiyo ni siku za mwanzo za maambukizi ya aina kali, na chumba cha 7 kinaonyesha kwamba ugonjwa umeshatoka nje ya chumba cha 3 na cha 4. Toa taarifa kwa mamlaka ya mifugo leo, nguruwe, nyama, samadi na magari visitoke.

Namba 1 na 2 ni swali tofauti na usiliruhusu licheleweshe la kwanza. Kingamwili zao ni za kweli. I177L kutosoma kwenye Ct 35.8 hakuthibitishi chanjo, kama Makrofaji alivyosema. Wakati wa kuwaondoa, chukua bandama, mafindofindo na matezi yao. Virusi vinaweza kuwa vingi humo kuliko kwenye damu, na hapo jeni ya pili itasomeka au kukataa kwa uhakika. Chukua pia kwa wale wenzao 10 wa kundi lile.

Bandama ya Ct 16 igawanye sehemu mbili. Moja ni ya kusoma mfuatano wa DNA: kipande cha mwisho cha jeni ya p72, B646L, kwa ajili ya jenotaipu, kisha E183L na B602L ili kutenganisha virusi vinavyofanana. Ombeni na EP402R, maana virusi mchanganyiko wa I na II havionekani kwa kutazama p72 peke yake. Nyingine ihifadhiwe nyuzi hasi 80 kwa ajili ya kukuza kwenye makrofaji. Ikikuzwa, chembe nyekundu hushikamana kuzunguka seli kama petali za ua. Zisiposhikamana msiandike hasi papo hapo. Kuna aina zisizoshika chembe kabisa, pima kioevu hicho kwa PCR.

---

Kisu Butu

Usafi baada ya kuwaondoa: toa samadi yote, osha kwa maji na sabuni mpaka zege lionekane, acha likauke, ndipo dawa. Sodiamu hidroksidi gramu 8 kwa lita, au hipokloriti yenye klorini asilimia 2.3, uso ubaki umelowa dakika 30. Juu ya kinyesi klorini inaisha nguvu ndani ya muda mfupi, harufu inabaki na virusi vinabaki. Usichanganye dawa mbili. Makombo ya jikoni yasirudi tena bandani; kama lazima, nyuzi 70 kwa dakika 30 hadi katikati ya kipande, siyo kwenye mchuzi tu.

Siku 40 banda likiwa tupu, halafu nguruwe wachache wa kutangulia, wagawe vyumba vyote 8. Wapime joto kila siku, damu baada ya siku 45, PCR na ELISA zote mbili. Wasiochanjwa.

---

Mlinzi wa Zizi

Mamlaka wameshafika. Swali la mwisho: wale wasio na homa vyumba vya 1, 2, 6 na 8, nichukue damu kabla hawajaondolewa au ni kazi bure?

---

Jokofu80

Chukua, seramu hasa. Ukikuta kingamwili chumba ambacho hakina homa wala kifo, ugonjwa uliingia mapema kuliko unavyodhani, na tarehe ya kuwafuatilia waliouziwa nguruwe itarudi nyuma. Mirija ya zambarau isipotosha, afadhali damu kwenye karatasi kuliko ya kijani.